Safu Nane za Minazi

Aliyeniletea habari ya kifo cha Mwanakheri hakujua kwamba ananiletea habari. Alikuwa muuza mikeka wa Mapinga, amekaa barazani kwangu akingoja jua lipungue, anazungumza ili asisinzie. Alisema wiki mbili nyuma walimzika kwao bibi mmoja mwenye maneno makali, ambaye watu walimwita kila shamba la marehemu lilipogawanywa. Haichanjwi alama kwenye mnazi mpaka bibi yule asimame chini yake, ainue uso, atazame juu, ndipo aseme, "Hesabuni." Akisema, "Huu mlingoti, si mnazi," basi hauhesabiwi, hata wenye mali wawe masharifu. Nilimwuliza jina la bibi huyo. Alipolitaja niliinuka nikaenda uani kama mtu aliyekumbuka chungu motoni, nikasimama huko bila kufanya lolote. Nimekuwa mtu wa kutangatanga maisha yangu yote. Nimekaa Tabora, nimekaa Kilwa, nimejifunza kushona ngozi na kuziba mitumbwi, na kusoma herufi za Kizungu kwa kuchungulia begani mwa wenzangu. Kila nilipoona mtu anafanya kitu nisichokijua, nilikaa karibu yake mpaka anifukuze. Lakini kufundisha nimefundisha mara moja tu, mwaka ule niliorudi Bagamoyo kutoka Ubena na kidonda mguuni, liwali wa Seyyid akiwa bado anakaa mjini na Wadachi bado hawajapandisha bendera yao.

Nilikuwa na miaka kumi na saba, au kumi na minane. Chuoni nilitoka kabla sijamaliza hata juzuu ya Amma, na tangu hapo nilifuata misafara. Safari ya kwanza nilikwenda Unyamwezi na kurudi, kazi yangu kumsaidia mpishi na kugawa posho. Kila mpagazi kibaba kimoja cha mtama kwa siku, vibaba vinne pishi moja, watu kumi na wawili katika kambi moja pishi tatu. Sikufundishwa na mtu. Nilijifunza kwa sababu ukikosea wapagazi hawakusubiri uhesabu tena. Safari ya pili ndiyo iliyoishia Ubena, mguu umevimba, msafara ukaniacha nikarudi kwa kuchechemea. Niliangukia barazani kwa Bi Nyange, kikongwe aliyekaa pembezoni mwa mji, upande wa mikoko, na yeye akanitibu kwa maji ya moto na matusi. "Wenzako wakienda Unyamwezi wanarudi na pembe," aliniambia akikamua kidonda, "wewe umerudi na funza. Tulia! Mguu wenyewe unanuka kama samaki ng'onda wa wiki mbili." Nilipopata nafuu nilimsaidia kugawa mahindi ya mbegu kwa jirani zake, nikayagawa upesi bila kurudia hesabu, na kikongwe yule akaona amepata kitu cha kujivunia. Siku ya tatu alikuja akaniambia jirani yake ananihitaji. "Nimemwambia nina mtu wangu wa hesabu, mtu mzima wa misafara. Usinitie aibu."

Jirani huyo alikuwa mjane. Mumewe alikuwa amefariki mwezi mmoja na siku chache kabla, na yeye alikuwa ndani ya nyumba katika eda yake ya miezi minne na siku kumi, hatoki, hasimami mbele ya wanaume. Nakikumbuka chumba cha mbele cha nyumba ile kuliko vyumba vingi nilivyolala baadaye. Sakafu ya udongo iliyopigwa ikang'aa, jamvi moja, mtungi wa maji juu ya mafiga matatu, na mlango wa ndani umefunikwa kwa pazia la kaniki nyeusi. Hapakuwa na harufu ya udi, kwa kuwa mwenye eda hajifukizi. Palinuka moshi wa kuni na nazi iliyokunwa. Bi Nyange alikaa kizingitini kama mlinzi, akitafuna tambuu. Sauti ilitoka nyuma ya pazia.

"Wewe ndiye unayejua hesabu?"

"Ndiyo, Mama. Kidogo."

"Kidogo chako kingi kwangu. Mimi nahesabu vidole vikiisha naanza upya." Kisha akasema mambo yake moja baada ya jingine, kama mtu aliyeyapanga tangu alfajiri. Nyumba ni yake mwenyewe, aliachiwa na wazazi wake. Minazi iliyoizunguka ndiyo ya marehemu, na itagawanywa kati yake, binti yake, na Makame, mtoto mkubwa wa marehemu kwa mke wa kwanza. Makame hataki kungoja eda iishe. "Ana haraka. Ataleta Mwalimu wa chuoni na mashahidi, na mimi sitakuwapo. Kaka yangu wa Mapinga ana homa, hawezi kuja. Lakini ameleta neno. Tukikosa minazi ya kutulisha, tuhamie kwake, na huyu mtoto akivunja ungo tu ataozwa, ameshamtafutia na mume. Mwanangu, tukipata minazi inayozaa, hatuendi kokote. Huyu atasimama shambani badala yangu. Nataka umtie hesabu kichwani kabla siku haijafika."

"Huyu" alikuwa Mwanakheri, mtoto wa miaka tisa, mwembamba, kichwa kimesukwa mistari mitatu, ambaye muda wote alikuwa amekaa karibu na mtungi akinitazama mguu. Neno lake la kwanza kwangu lilikuwa, "Kaka Omari, chuoni ulitoroka kwa fimbo au kwa njaa?"

"Kwa vyote viwili."

"Basi utanifunza nini mimi? Kutoroka?"

Bi Nyange alicheka mpaka tambuu ikamtoka mdomoni. Nyuma ya pazia nilisikia mama mtu anacheka pia, kicheko kifupi, kisha akajizuia.

Sikujua kufundisha. Nilijua tu jinsi nilivyojifunza mimi, nje, kwa mikono, na watu wenye njaa wamenizunguka. Kwa hiyo tulianza nje. Nilichimba mashimo ya bao mchangani, safu nne, kila safu mashimo manane, nikamwambia atie kete mbili mbili kila shimo. Kete hatukuwa nazo, tulitumia kokwa za ukwaju. Nikamwuliza zimekwenda ngapi. Alizihesabu moja moja, akisogeza midomo, akapotea kwenye hamsini, akaanza tena, akapotea, akazipiga teke. Kesho yake sikurudi kwenye bao. Nilimpeleka shambani. Marehemu alikuwa mtu wa mpango. Minazi yake aliipanda kwa kamba, safu nane, kuanzia nyumbani na kisimani mpaka chini kwenye mikoko. Nilimwambia ahesabu yote. Akakimbia safu ya kwanza akigusa kila shina kwa kofi, akarudi akihema, "Kumi na miwili!" Akakimbia ya pili. "Kumi na miwili!" Ya tatu alifika katikati akasimama, mkono bado uko kwenye shina, akageuka kunitazama kama mtu aliyegundua kuwa anachezewa.

"Mbona nakimbia? Zote ziko sawa."

"Sasa?"

"Sasa naweza kukaa." Na kweli akakaa, chini kabisa, akachora kumi na mbili mchangani mara nane, akaziunganisha mbili mbili, ishirini na nne, arobaini na nane, na mwisho akapiga kelele iliyomtoa Bi Nyange jikoni kwake na mwiko mkononi: "Tisini na sita! Mama, tisini na sita!" Kutoka kwenye dirisha dogo la nyumba sauti ikajibu, "Nimesikia, punguza makelele, watu watadhani tumeibiwa."

Nimewahi kuona watu wakifurahi kwa mambo makubwa, mpagazi aliyeiona bahari baada ya mwaka, mwanamke aliyeletewa mtoto wake aliyepotea. Sijaona furaha safi kuliko ya mtoto yule alipojua kwamba anaweza kuhesabu akiwa amekaa. Baada ya hapo hakukamatika. Tulipanda vijiti vya mihogo nyuma ya jiko, safu tano za vijiti sita, safu sita za vijiti vitano, akauliza kwa nini jibu ni lile lile, na mimi sikujua kwa nini, nikamwambia azunguke asimame upande wa pili wa shamba atazame. Akazunguka, akatazama, akasema, "Ala! Shamba halikujigeuza. Nimegeuka mimi." Alihesabu makuti kwenye paa akiwa amelala chali. Alihesabu mashimo ya kaa pale maji yalipokupwa, akigawa pwani kwa kamba kama babake alivyogawa shamba. Kila adhuhuri aliniletea kutoka ndani sahani ya mhogo wa nazi na kipande cha samaki mkavu, na kila mara mama yake aliuliza nyuma ya pazia, "Amefika wapi leo?" nami nikijibu, "Amefika mbali, Mama." Nilikuwa nikisema kweli. Sikujua mbali huko ni wapi.

Kosa lilifanyika siku tuliyoanza kugawanya. Nililiona likifanyika, na nililifanya mimi. Niliweka vifuu vitatu vya nazi mchangani, nikampa kokwa kumi na mbili, nikamwambia vifuu hivi ni watu, wagawie. Alizishika mkononi, akavitazama vile vifuu kwa makini, akauliza, "Wanaume wangapi?"

"Nini?"

"Hapa. Nani mwanamume, nani mwanamke? Nitagawaje bila kujua?"

Nilicheka mpaka nikajishika mbavu. Kwa mtoto yule, neno kugawa lilikuwa neno la misiba. Alilisikia kwa wakubwa nyumba ikifiwa, na huko daima mtoto wa kiume anapewa mafungu mawili na wa kike moja. Mimi kwangu kugawa lilikuwa neno la posho, na posho haiangalii mtu. Nikamwambia, kwa sauti ya mtu mzima wa misafara, "Katika hesabu hakuna mume wala mke. Kila kinywa kibaba chake." Akagawa nne, nne, nne. Kisha akafikiri, akauliza tena, "Na minazi?" Nilijua kama kila Mwislamu wa pwani anavyojua kwamba fungu la binti ni nusu ya fungu la kaka yake. Lakini mjane anatangulia na fungu lake, na baada yake yanabaki mafungu, na mafungu hayo yanakatwakatwa namna gani, hapo nilikuwa gizani kabisa. Hayo yanasomwa na waliobaki chuoni. Ningeweza kumwambia, sijui, ngoja nikaulize. Maneno matatu tu. Badala yake nikaona aibu mbele ya mtoto wa miaka tisa, nikasema, "Minazi nayo ni hesabu." Akaridhika. Tukaendelea na vifuu vinne, vitano, sita, sawa kwa sawa, mpaka jua likachoma.

Lakini aibu iliniuma, na siku chache baadaye nilikwenda barazani kwa Mwalimu asubuhi ili nimwulize. Alikuwa ndiye Mwalimu yule yule niliyemtoroka. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu mweupe, akisoma kwa kukumbuka si kwa kuona. Nilikaa nyuma ya nguzo, upande wa jikoni ambako wanafunzi walikuwa wakitwanga, nikijipa moyo. Makame alikuwa ameshafika. Alikuwa mtu wa miaka thelathini, mnene, kanzu safi, mpole wa maneno.

"Mwalimu, minazi inagawiwa kwa idadi au kwa uzima wake?"

"Kwa thamani yake, mwanangu. Mti unaozaa kwa mti unaozaa, mti uliokufa kwa mti uliokufa. Usije ukamdhulumu yatima, utaulizwa."

"Audhubillahi, Mwalimu. Mimi nitakushika mkono mwenyewe, mti kwa mti. Wewe utagusa, mimi nitakwambia, mashahidi watasikia."

"Utakuwa umenisaidia. Macho yangu unayajua."

Makame alipotoka alipita karibu yangu na mwenzake mmoja, bila kujua mimi ni nani, nikamsikia akisema na kucheka puani, "Mzee kilele hakioni. Anaona shina, tena kwa kidole." Nikaelewa. Safu za chini, zile za kuelekea mikoko, maji ya chumvi yalikuwa yamezipanda mwaka wa juzi, na mdudu chonga alimalizia kwa kutoboa vilele. Shina linabaki limesimama kama kawaida. Ukiligusa ni mnazi. Niliondoka pale nikikimbia kwa mguu wangu mbovu, na swali nililokwenda nalo nikarudi nalo. Nilijiambia sasa kuna jambo kubwa zaidi. Ukweli ni kwamba nilifurahi kupata sababu ya kutomkabili mzee yule.

Nilimwambia mjane yote niliyoyasikia. Bi Nyange alisema, "Makame tangu mdogo akila anatazama sahani ya mwenzake." Kisha sauti ikasema, "Mwalimu si mtu mbaya. Akiambiwa kweli atasikia. Mfunze mtoto atazame juu." Na hilo nilimfunza vizuri, siogopi kusema. Tulipita shamba zima siku tatu mfululizo, shingo zikatuuma. Safu tano za juu zote zinazaa, tano mara kumi na mbili, sitini. Ya sita minne tu. Ya saba miwili. Ya nane, ile inayokanyaga mikoko, mmoja. Jumla sitini na saba. Alizishika kichwani kila safu na idadi yake, hata akiamshwa usingizini angezitaja. Tuliafikiana kwamba siku hiyo asubiri mpaka waanze kuchanja alama, ndipo aseme. Alikuwa mtoto wa kuaminika. Kama neno lake lingeaminiwa, wangepona. Hapo ndipo kila kitu kilipokuwa kimeegemea, juu ya kuaminiwa kwa mtoto wa miaka tisa, na ni mimi niliyemwandaa.

Walikuja Alhamisi, jua halijapanda. Mwalimu mkono wake mkononi mwa Makame, mashahidi wawili nyuma, mmoja wao yule mwenzake niliyemwona naye barazani, na mwingine aliyebeba panga la kuchanjia. Mwanakheri alisimama kisimani amevaa kaniki ya mama yake iliyomfunika mpaka vidoleni. Mimi nilisimama hatua tatu nyuma yake kama mtu aliyepotea njia. Alimshika Mwalimu mkono akaubusu, akasema shikamoo kwa sauti iliyonyooka. Mzee alimpapasa kichwa. "Wewe ndiwe unayemsimamia mama yako? Haya. Shamba lina minazi mingapi?"

"Tisini na sita, Mwalimu. Safu nane, kila safu kumi na miwili."

"Mashallah! Makame, ni kweli?"

"Ni kweli," alisema Makame, na kidogo uso ulimbadilika.

"Nani kakufunza?"

"Kaka Omari."

"Omari yupi? Yule aliyenikimbia na Amma yangu hajaimaliza?" Mashahidi walicheka, na mzee mwenyewe akacheka bila ubaya, nami nikacheka kwa kukosa la kufanya. Kisha akaanza kazi yake. Alisema bismillahi, akasema mjane mwenye mtoto ana thumuni, fungu moja katika manane, kwa hiyo minazi kumi na miwili. Nilimwona Mwanakheri akitikisa kichwa, maana nane mara kumi na mbili alikuwa anaijua kama jina lake. "Inabaki themanini na minne," alisema Mwalimu. "Makame hamsini na sita. Binti ishirini na minane."

Nilimwona akihesabu. Midomo ilisogea, kama siku zile za bao. Nilitaka kumwita, lakini nitasema nini?

"Si hivyo, Mwalimu," alisema. "Sisi ni wawili. Themanini na nne kwa watu wawili ni arobaini na mbili, arobaini na mbili."

Yule mwenye panga akaangua kicheko. Makame hakucheka. Alisema taratibu, kwa huzuni nzuri, "Mwasikia, Mwalimu? Mtoto wa marehemu baba yangu kafundishwa kukikanusha Kitabu."

"Mwanangu," alisema Mwalimu, na sauti yake ilikuwa imebadilika, "hii si pishi ya mtama. Mafungu haya hayakupangwa na mimi wala na Makame. Nani kakwambia mtoto wa kike ni sawa na wa kiume katika mirathi?"

Aligeuka akanitazama. Hakunisaliti, alinitazama tu kama unavyomtazama mtu aliyeshika mwisho wa pili wa kamba, avute. Sikuvuta. Ndipo akajibu, "Kaka Omari kasema katika hesabu hakuna mume wala mke. Kasema minazi nayo ni hesabu."

"Omari," alisema mzee akigeukia upande nisiokuwapo, "umejua hesabu zote hizo, na hili ukashindwa kuja kuniuliza?"

Nimejibu swali lile mara nyingi sana tangu siku ile, njiani, kazini, nikiwa na homa. Siku ile sikulijibu. Wakaanza kuchanja. Makame alimwongoza Mwalimu mpaka chini, kwenye matope ya mikoko, akasema waanze na haki ya mjane kwa heshima yake, akamwekea kiganja juu ya shina la kwanza la safu ya nane. "Mnazi, Mwalimu." Mzee akagusa, akasema, "Wa mjane," panga likakata alama. "Mnazi, Mwalimu." Mwanakheri alingoja mpaka wa tatu, kama tulivyoafikiana, akainua uso na kusema, "Mwalimu, huo hauna kilele. Na ule wa kwanza. Safu hii yote unazaa mmoja tu, ule wa mwisho. Ya saba miwili. Ya sita minne. Tumehesabu."

Mkono wa mzee ulisimama juu ya shina. Kwa kitambo nilidhani imewezekana. "Mashahidi," alisema, "ni kweli?"

"Minazi ni minazi, Mwalimu," alisema yule mwenzake Makame. "Haukuzaa mwaka huu, utazaa mwaka kesho."

"Hesabu yake mmeshaisikia pale juu," alisema Makame.

Nilifungua mdomo. Nilisema, "Mwalimu, mtoto anasema kweli," na niliisikia sauti yangu jinsi ilivyokuwa, sauti ya mtu aliyeshindwa Amma. Mzee alitikisa kichwa polepole. Hakukasirika, na ingekuwa heri angekasirika. "Nikuamini kwa lipi, Omari? Kwa la kwanza au kwa la pili?" Kisha akamwambia mtoto, "Basi, mwanangu, basi," na akamwachia Makame mkono wake. Safu ya nane yote. Ya saba yote. Ya sita yote. Minne ya safu ya tano, kutimiza fungu la binti. Mwanakheri hakulia. Alitembea nyuma yao shina kwa shina, uso juu, na alama ya mwisho ilipochanjwa alisimama karibu yangu akasema kwa sauti ya chini, "Arobaini. Inazaa kumi na mmoja." Hesabu ilikuwa sahihi. Waliendelea kupanda juu kuchanja ya Makame, na sisi tukabaki tumesimama kwenye matope, maana kidonda changu cha mguu kilikuwa kimefunguka tena.

Tuliporudi nyumbani jamvi lilikuwa limetandikwa na sinia limewekwa. Mama mtu alikuwa amepika wali wa nazi na kuku, chakula ambacho hakikupikwa katika nyumba ile tangu msiba. Alikuwa amekipika tangu alfajiri, kabla hata sauti ya Mwalimu haijasikika. Nilikaa. Bi Nyange alinitazama usoni mara moja tu, kisha akatazama nje. "Wamegawaje?" iliuliza sauti. Nilijaribu kuanza nikashindwa, na Mwanakheri akamwambia, thumuni ngapi, yeye ngapi, Makame ngapi, idadi tupu. Kwa mama yake zile zilikuwa sauti tu. Hakuweza kuhesabu minazi ile, lakini aliijua yote, mmoja mmoja, kwa mahali uliposimama na kwa utamu wa madafu yake, na hivyo ndivyo alivyouliza.

"Ule ulioinamia kisima?"

"Wa Makame."

"Pacha, ile iliyoshikana chini?"

"Ya Makame."

"Ule wa nazi nyekundu?"

"Wa Makame, mama."

Pazia halikusogea. Wali ulikuwa unatoa moshi kati yetu. Aliendelea, na kila jina nililijua sasa kwa alama niliyoiona tukirudi, na mtoto alijibu kwa sauti ile ile, haraka kidogo zaidi kila mara, kama anayekimbia safu. Mwisho mama akauliza kwa sauti ndogo ambayo sikuwa nimeisikia, "Na huu wa hapa dirishani? Huu ninaouona nikiamka?"

Mnazi ule ulikuwa wa safu ya kwanza. Niliiona alama yake tulipopita, upande wa kisimani, usioonekana kutoka chumbani. Mwanakheri aliniangalia. Katika miezi ile yote hakuwahi kunipa jibu la uongo. Hata alipokosea alikosea kwa kweli.

"Huo wetu," alisema.

"Alhamdulillahi," alisema mama yake. "Mpakulie kaka yako wali, asubuhi yote amesimama juani."

Alinipakulia. Eda ilikuwa imebakiza siku arobaini, na siku ya arobaini na moja mwanamke yule angetoka nje, angezunguka mnazi ule, angeona. Nilijua pia kwamba siku hiyo mimi sitakuwapo. Nililijua hilo tonge la kwanza likiwa bado mkononi, na nilikula nikamaliza.